Kuchuna, kunakili, kukata au kuchemsha: uchague njia gani ya kulichunguza jani?

Majani mengi hayafiki unene wa nusu milimita. Hata hivyo, ndani ya wembamba huo kuna ngozi ya juu isiyo na rangi, safu ya seli ndefu zilizojaa umbijani, seli zilizoachana na kuacha mianya ya hewa, mishipa ya maji na ya sukari, kisha ngozi ya chini yenye vitundu vinavyofunguka na kufungwa. Hakuna njia moja inayoonyesha vyote hivyo. Anayekata jani ili ahesabu stomata, yaani vitundu hivyo, anapoteza muda, na anayechuna ngozi ili aone seli za ndani hatoziona kamwe, kwa sababu ameziacha kwenye jani.

Kwa hiyo anza na swali. Ukitaka kuona stomata zikifanya kazi, chuna. Ukitaka kujua ziko ngapi na upande gani, nakili kwa rangi ya kucha. Ukitaka kuona tabaka zilivyopangana, kata. Ukitaka kujua kama jani limetengeneza chakula, lichemshe na kulipima wanga.

| Njia | Muda | Inachoonyesha | Isichoonyesha | Majani yanayofaa |
|---|---|---|---|---|
| Kuchuna | dakika 5 | seli hai, kloroplasti (chembe zenye umbijani), stomata zikifunguka na kufungwa | tabaka za ndani | Tradescantia, Commelina, jani la kitunguu |
| Kunakili | dakika 20 | idadi na mpangilio wa stomata | rangi, kloroplasti, uhai | majani laini yasiyo na manyoya |
| Kukata | dakika 30 hadi 60 | tabaka zote kwa upande | idadi ya stomata | mchungwa, mahindi |
| Kuchemsha | siku 2 za maandalizi, dakika 30 za kazi | mahali penye wanga | umbo la seli | maharage, coleus yenye mabaka |

Kuchuna: rahisi, mradi jani likubali

Ngozi ya nje ya jani, yaani epidermisi, kwa kawaida ni safu moja ya seli zilizobanana kama vigae. Seli zake nyingi hazina kloroplasti, na ndiyo maana nuru hupenya hadi chini yake. Seli linzi ndizo za kijani. Zimekaa mbilimbili, na kati yao kuna tundu.

Lishike jani upande wa chini ukutazame, livunje kwa kulikunja, kisha vuta kipande kimoja kwa mshazari, polepole, kukaribia kulalia jani. Pembeni mwa mpasuko utaona utando mwembamba unaopitisha nuru. Kata kipande cha milimita 5 hivi, kiweke ndani ya tone la maji kwenye slaidi, na ukishushe kioo cha kufunikia kwa kukiegemeza upande mmoja kwanza. Ukikiangusha bapa, unafungia mapovu ya hewa, na wanaoanza huyachora mapovu hayo wakidhani ni seli. Povu lina ukingo mnene mweusi na umbo la duara kamili. Seli haiwi hivyo.

Kama una uhuru wa kuchagua, chukua Tradescantia yenye zambarau upande wa chini. Seli za kawaida za ngozi yake zina maji ya zambarau, seli linzi ni za kijani, na tofauti hiyo inaonekana bila kutia rangi yoyote. Commelina, gugu lile lenye maua madogo ya buluu, nalo huchunika vizuri, na kila tundu lake limezungukwa na seli saidizi zenye mpangilio unaotambulika haraka. Jani la kijani la kitunguu linafaa pia. Usilichanganye na gamba la tunguu lenyewe: gamba ni zuri kwa kuonyesha ukuta wa seli na kiini, lakini halina kloroplasti, na ukilitumia kutafuta stomata utatafuta sana.

Majani ya mwembe, mchungwa na miti mingi yenye nta nzito hayachuniki, yanachanika tu. Usishindane nayo, nenda kwenye njia ya kunakili.

Thamani ya kuchuna ni kwamba seli ziko hai. Tone la chumvi la asilimia 5 likiwekwa ukingoni mwa kioo cha kufunikia, na karatasi ya kunyonya ikiwekwa ukingo wa pili, maji ya chumvi yatapita chini ya kioo na ndani ya dakika chache utaona tundu likifungwa. Seli linzi zinapoteza maji kwa osmosisi na kulegea. Ukuta wao unaopakana na tundu ni mnene kuliko ule wa nje, hivyo zikijaa maji hupinda kama upinde na tundu linafunguka; zikilegea, zinanyooka na kugusana. Kwenye mmea mzima kinachoanzisha mwendo huo ni ioni za potasiamu zinazoingia seli linzi nuru inapopiga, hasa nuru ya buluu, na maji huzifuata.

Lalamiko la kawaida hapa ni "stomata zangu zote zimefungwa." Mara nyingi kosa limefanyika kabla ya hadubini. Jani lilichumwa mapema, likanyauka mezani, na jani lililonyauka hufunga matundu yake kujiokoa. Mwagilia mmea, uweke kwenye nuru kwa saa moja au mbili, na uchune pale pale unapochuma.

Kunakili: njia ya kuhesabu

Hapa hutazami jani bali muhuri wake. Paka rangi ya kucha angavu, ile isiyo na rangi, safu moja nyembamba yenye ukubwa wa sentimita 1 kwa 1. Subiri dakika 10 hadi 15 hadi ikauke kabisa. Bandika selotepu angavu juu yake, ikandamize kwa kidole, kisha ivue taratibu. Rangi iliyokauka itatoka na selotepu ikiwa na umbo la kila seli. Ibandike kwenye slaidi kavu. Haihitaji maji wala kioo cha kufunikia, na ukiandika jina la mmea na upande wa jani pembeni, slaidi hiyo utaitumia hata mwezi ujao.

Makosa yake yanajulikana. Safu nene hujikunja na kujaa mapovu. Jani lenye umande halishiki rangi. Jani lenye manyoya linakupa picha ya manyoya. Na kubwa zaidi: muhuri unapitisha nuru karibu yote, kwa hiyo ukiutazama chini ya mwanga mkali utaona uwanja mweupe na kudhani kazi imeharibika. Punguza mwanga kwa kuufunga kidogo mlango wa nuru ulio chini ya jukwaa la hadubini, na mistari ya seli itajitokeza.

Paka rangi katikati ya mshipa mkuu na ukingo wa jani, si juu ya mshipa. Juu ya mishipa mikubwa stomata ni chache au hazipo, na hesabu itakayotoka hapo haiwakilishi jani.

Ili kuhesabu, kwanza pima upana wa uwanja unaouona. Weka rula angavu ya plastiki chini ya lenzi inayokuza mara 4 na usome kipenyo. Tuseme ni milimita 4.5. Kwa lenzi ya mara 40, inayokuza mara kumi zaidi, kipenyo kitakuwa milimita 0.45, na eneo lake ni 3.14 × 0.225 × 0.225, yaani karibu milimita mraba 0.16. Ukihesabu stomata 24 katika uwanja huo, gawa 24 kwa 0.16: ni 150 kwa kila milimita mraba. Majani mengi huangukia kati ya 100 na 300. Hesabu nyanja tano zilizoachana na utafute wastani, maana uwanja mmoja unaweza kukudanganya. Stomata iliyokatwa na ukingo wa uwanja ihesabu upande mmoja tu, kwa mfano kushoto, na uiache ya kulia.

Nakili pande zote mbili za jani. Ile kauli kwamba stomata ziko chini ya jani ni kweli nusu. Mwembe unazo chini peke yake. Maharage yana nyingi chini na chache juu. Mahindi yanazo pande zote mbili kwa idadi isiyotofautiana sana, kwa kuwa jani lake limesimama mshazari na pande zote hupata nuru na upepo. Yungiyungi, ambalo jani lake linaelea, linazo juu tu, kwani upande wa chini umelalia maji. Ukiweka mihuri ya mimea hiyo minne mezani, mwanafunzi anaona mwenyewe kwamba mahali pa tundu panafuata maisha ya jani.

Tazama pia umbo. Seli linzi za maharage zimejipinda kama figo. Za mahindi ni nyembamba katikati na zimevimba ncha zote mbili, tena zimepangwa kwa mistari inayofuata mishipa. Kwa umbo hilo peke yake unaweza kutambua jani la jamii ya nyasi.

Usitumie muhuri kuamua kama matundu yalikuwa wazi au yamefungwa. Kimiminika kilichomo kwenye rangi ya kucha huzisumbua seli kabla hakijakauka. Swali hilo ni la kuchuna.

Kukata: ngumu kuliko zote, na yenye faida kubwa

Watu hukimbia njia hii kwa sababu vipande vyao vya kwanza huwa vinene, vya kijani kibichi, visivyoonyesha kitu. Tatizo mara nyingi ni mambo mawili tu: wembe uliotumika na jani laini.

Chagua jani lililokomaa, gumu kiasi, lisilo na majimaji mengi. La mchungwa ni zuri, na litakupa nyongeza: vifuko vya mafuta vilivyo duara ndani ya jani, vile vinavyoonekana kama nukta angavu ukiliinua juani. Epuka shubiri na mimea mingine minene, kwani maji yake humwagika na seli hulala. Epuka pia majani machanga ya mti wowote. Oleanda hutajwa mara kwa mara kwa sababu stomata zake zimejificha ndani ya mashimo yenye vinywele, lakini utomvu wake ni sumu. Usiwape watoto waukate.

Tengeneza ukanda wa jani wenye upana wa milimita 5 na urefu wa sentimita 1, ukivuka mshipa. Kata kipande cha karoti chenye urefu wa sentimita 3, kipasue kwa urefu bila kukitenganisha, na uingize ukanda huo katikati kama ulimi. Karoti inaubana na kuuzuia usipinde. Lowesha wembe mpya. Sawazisha uso wa karoti kwanza, kisha vuta wembe kuelekea kwako kwa mshazari, mvuto mmoja mrefu. Usikate kwa kwenda na kurudi kama msumeno. Kidole gumba kiwe chini ya usawa wa uso unaokatwa, nacho kisipande hata ukiwa na haraka.

Kata vipande 15 hadi 20 mfululizo bila kusimama kuvikagua, uvisukume majini kwa brashi, halafu ndipo uchague. Kizuri ni kile kinachokaribia kutoonekana. Kipande kilichokwenda upogo, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, usikitupe. Ncha yake nyembamba mara nyingi ndiyo bora kuliko vyote.

Tazama kipande kimoja bila rangi. Utaona utandu wa nta juu, epidermisi, kisha seli za palisedi zimesimama wima kama nguzo, na kijani chote kikubwa kiko hapo. Hapo ndipo nuru inapofika ikiwa na nguvu, na sehemu kubwa ya usanisinuru hufanyika. Chini yake ni mesofili ya sponji, seli zisizo na umbo maalumu zenye mianya mikubwa kati yao. Mianya hiyo ina sababu: kabonidayoksaidi husambaa hewani karibu mara 10,000 kwa kasi zaidi kuliko ndani ya maji, kwa hiyo jani linailetea gesi hiyo njia ya hewa hadi kwenye ukuta wa seli, na maji yanabaki kuwa hatua fupi ya mwisho.

Kipande cha pili kitie rangi ya toluidini ya buluu ya asilimia 0.05 kwa sekunde 30 hadi 60, kisha kisuuze. Kuta zenye lignini, dutu inayozikaza, yaani za mirija ya zailemu inayopitisha maji, huwa za buluu yenye ukijani, na kuta za kawaida huwa za zambarau. Sasa mshipa unasomeka: zailemu iko upande wa juu wa jani na floemu, inayopitisha sukari, upande wa chini. Si bahati nasibu. Ndani ya shina zailemu iko upande wa ndani na floemu upande wa nje. Mshipa unapochepuka kuingia jani, upande uliokuwa ndani ndio unaogeuka kuwa wa juu.

Soma makosa kwenye kipande chenyewe. Seli za palisedi zikionekana duara badala ya nguzo, umekata upogo. Sponji ikiwa imechanika na epidermisi iko nzima, wembe umekuwa butu. Kukiwa na weusi mtupu katikati, kipande ni kinene. Na ukikuta safu mbili za palisedi ilhali mwenzako ana moja kutoka mti uleule, huenda hakuna aliyekosea: majani yaliyokulia juani huwa manene na mara nyingi huongeza safu, ya kivulini huwa mapana na membamba. Andika jani limetoka wapi mtini.

Mahindi yanastahili kipande chake. Hutaona nguzo juu na sponji chini, kwa kuwa mchoro ule wa kawaida ni wa mimea ya dikotiledoni (inayoota na majani mawili ya mbegu, kama maharage) yenye majani yaliyolala. Utaona kila mshipa umezungukwa na pete ya seli kubwa zenye kloroplasti nyingi, na pete ya pili ya mesofili nje yake. Kabonidayoksaidi hunaswa kwanza kwenye pete ya nje, kisha husukumwa ndani kwenye pete ya mshipa ambako sukari hutengenezwa.

Kuchemsha: kupima kazi

Njia hii haihitaji hadubini, ila inahitaji uangalifu zaidi kuliko zote kwa sababu ethanoli inashika moto.

Weka mmea gizani kwa saa 48 ili utumie wanga uliokuwa nao. Funika sehemu ya jani kwa karatasi nyeusi pande zote mbili, kisha urudishe kwenye nuru kwa saa 4 hadi 6. Chuma jani na ulitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika 1. Hatua hii huua seli na kufungua utando wake ili ayodini iweze kuingia baadaye. Ukiiruka, matokeo yatakuwa mabaka. Sasa zima moto wote. Weka jani ndani ya neli yenye ethanoli, na neli hiyo uisimamishe kwenye bika la maji ya moto. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, hivyo joto la maji pekee linatosha. Baada ya dakika 5 hadi 10 umbijani utakuwa umehamia kwenye ethanoli na jani litabaki jeupe lakini kavu, la kuvunjika. Lirudishe sekunde chache kwenye maji ya vuguvugu lilainike, litandaze, na ulidondoshee ayodini. Mahali penye wanga patageuka buluu nyeusi. Pengine patabaki na rangi ya kahawia ya ayodini.

Maharage na mbarika hufanya vizuri. Coleus yenye mabaka meupe inaonyesha jambo la ziada: sehemu nyeupe haitatoa weusi hata ikiwa juani siku nzima, kwa kuwa haina umbijani. Rangi yake nyekundu huyeyuka kwenye maji ya moto, ya kijani kwenye ethanoli, na hilo ni somo jingine bila gharama ya ziada. Mahindi hutoa mistari myeusi inayofuata mishipa, kwa sababu wanga wake hukusanyika kwenye ile pete ya seli iliyoelezwa juu.

Jani la kitunguu usilitumie hapa. Huhifadhi chakula chake kama sukari, halitengenezi wanga wa kutosha kuonekana, na jibu la kahawia litamfanya mtu aseme kitunguu hakifanyi usanisinuru. Jani lenye nta nzito kama la mwembe nalo husumbua, maana ethanoli haipenyi upesi. Na ukichuma jani alfajiri unaweza kukosa weusi hata kwenye maharage: usiku wanga huvunjwa kuwa sukari na kusafirishwa kupitia floemu. Chuma alasiri.

Ukiwa na mmea mmoja tu

Chukua maharage yaliyopandwa kwenye kopo. Hayashindi mahali popote, lakini hayakuangushi kabisa. Wanga wake hutokea wazi. Ngozi ya chini huchunika kwa vipande vidogo ukiwa na subira na kibano. Kukatwa hukubali ndani ya karoti, ingawa ni laini na utahitaji vipande vingi zaidi hadi upate kimoja kizuri. Kwenye kunakili kuna kikwazo kimoja: upande wa chini una vinywele vidogo vyenye ncha iliyopinda kama ndoana, vinavyong'ang'ania rangi ya kucha na kuirarua selotepu inapovuliwa. Vinywele hivyo vimesongamana zaidi kwenye jani changa na hutawanyika jani linapotanuka, kwa hiyo kwa kuhesabu stomata chagua jani la chini lililokwisha kupanuka, na yale machanga ya juu uyaache.